Naombeni ushauri, tunataka kufundisha mafundi wa kuchomelea kwa pamoja

Wakuu habari zenu, nina karakana ya kuchomelea hapa Tanga, tangu bomba la mafuta la Hoima mpaka Chongoleani (km 1,443) lianze kujengwa fundi mzuri hapatikani kabisa, wa mageti na madirisha wapo kibao ila mpe bomba lililofungwa asiloweza kulizungusha, mshono wa chini unamtoka vitundu vitupu.

Sasa wenye karakana kadhaa tunataka tuchangishane, VETA wafundishe darasani sisi tuwape vijana vitendo, kama ule mfumo wa uanagenzi. Kinachonisumbua, kijana akishaiva si mmoja wetu atamvuta kwa mshahara mnono? Kumbana kwa mkataba wa miaka 2 naona ni kumuonea mtoto wa watu. Mliowahi kufanya hivi mliandikishanaje, na posho alilipa nani?