Gari linatetema likisimama kwenye D: ni mauntingi au injini inamisi?

MkaziWaMoro (swali)

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninaendesha Toyota IST ya mwaka 2004 yenye injini ya 1NZ-FE na gia za otomatiki. Kwa muda sasa, kila ninaposimama kwenye mataa gia ikiwa D (ya kwenda mbele), usukani na kiti hutetema, na nikiwasha AC mtetemo huzidi. Nikiweka N (gia huru) hupungua sana, ingawa hauishi kabisa. Vilevile nikifika kilomita 100 kwa saa kwenye barabara kuu, usukani hucheza kidogo. Taa ya injini haijawahi kuwaka. Fundi niliyemwendea ameshauri tubadilishe mauntingi zote (raba zinazobeba injini), plagi, koili zinazozipa plagi umeme na nozeli za mafuta kwa pamoja, na hakupima chochote. Kabla sijatoa fedha hizo, naomba mnielekeze namna ya kuutambua ugonjwa wenyewe.

FundiGerezani

Ndugu, tenganisha kwanza malalamiko hayo mawili, kwa kuwa mtetemo wa gari lililosimama na ule wa mwendo mara nyingi havitokani na chanzo kimoja. Tairi la 175/65R14 huzunguka takriban mara 15 kwa sekunde gari likiwa kwenye kilomita 100 kwa saa, hivyo risasi moja ya balansi ikidondoka kwenye rimu inatosha kuuchezesha usukani. Kama una kipimo cha mizunguko kwenye dashibodi, egesha gari, weka N, kisha pandisha mizunguko mpaka ifikie ile unayoiona ukiwa kwenye kasi hiyo. Injini ikitulia, peleka magurudumu kwenye balansi na usiiguse injini kwa sababu hiyo.

Kuhusu mtetemo wa kwenye mataa, ninashuku mauntingi. Gia ikiwa D huku breki imekanyagwa, injini inajipinda dhidi ya raba zinazoibeba, na raba iliyokomaa au kukatika hupitisha kila kishindo hadi kwenye bodi. Fungua boneti, mtu akae kwenye usukani akiwa amekanyaga breki barabara na kuvuta handbreki, abadilishe D na R (ya kurudi nyuma) taratibu bila kukanyaga mafuta, nawe uangalie ukiwa ubavuni mwa gari, kamwe usisimame mbele yake. Injini ikiruka sana upande mmoja, umeipata. Kagua pia kama raba ina nyufa. Zile mauntingi zenye mafuta ndani zikipasuka huacha alama ya unyevu mweusi.

MhandisiTanga

Ninakubaliana na jirani kuhusu magurudumu, lakini nisingeanza na mauntingi. Mwuliza swali amesema kwamba kwenye N mtetemo hauishi, na hilo ndilo lililonigutusha. Injini ya silinda nne ikiwa kwenye sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa mafuta) ya mizunguko 700 kwa dakika huwasha mafuta mara 1,400 katika dakika hiyo, yaani takriban mara 23 kwa sekunde, na mitetemo ya haraka namna hiyo raba nzima huimeza. Silinda moja ikimisi, yaani ikishindwa kuwasha mafuta, pengo linajirudia karibu mara 6 tu kwa sekunde, nawe unalihisi kitini kama injini inayochechemea. Hata mauntingi mpya haitaificha hali hiyo.

Taa kutowaka hakuisafishi injini, kwa sababu kompyuta husubiri hitilafu ijirudie kabla ya kuiwasha. Chomeka mashine ya kusomea kodi (namba za hitilafu zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari), utafute pia zile zinazosubiri kuthibitishwa: P0300 ni misi isiyo na silinda maalumu, na P0301 hadi P0304 hutaja silinda yenyewe. Ukiipata P0302, zima injini, hamisha koili ya silinda ya pili uiweke ya tatu, na kodi ikihamia P0303 basi koili ndiyo mbovu. Hiyo ndiyo faida ya injini yenye koili moja juu ya kila plagi. Ile desturi ya kuchomoa koili injini ikiunguruma siipendi hata kidogo: umeme wake ni mkali, na petroli isiyoungua huenda kuharibu masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi.

Usipopata kodi yoyote, tazama sailensa inashuka hadi ngapi ukiwa D na AC imewashwa.

MkaziWaMoro

Nawashukuru nyote. Mashine haikuonyesha kodi yoyote, lakini sailensa ilishuka hadi karibu 550 AC ilipowashwa, na throtobodi (mlango wa kuingizia hewa kwenye injini) ilikutwa imejaa masizi. Baada ya kusafishwa, sailensa inasimama vizuri na kwenye N gari limetulia kabisa. Kwenye D mtetemo mdogo umebaki, na mauntingi ya kulia ina ufa unaoonekana kwa macho. Magurudumu ya mbele yamefanyiwa balansi na usukani umetulia. Je, mauntingi ninunue mpya au iliyotumika kutoka Japani?

FundiGerezani

Nunua mpya, na hiyo moja tu. Raba huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa, kwa hiyo iliyotumika inaweza kuwa na umri uleule wa hiyo unayoitoa. Wakati wa kuifunga, injini ishikiliwe kwa jeki yenye kipande cha ubao chini ya sampo (bakuli la oili chini ya injini), na bolti zikazwe mwisho baada ya injini kukaa mahali pake, la sivyo raba itabaki imejipinda na mtetemo utarudi mapema.