Wenye Asperger mlio watu wazima, mnazimudu vipi sherehe?

Kiti_cha_Pembeni:

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwanamke mtu mzima, nina kazi na ninajitegemea. Daktari alithibitisha ukubwani kuwa nina Asperger, yaani aina ya usonji (autism). Hivi karibuni mdogo wangu anaoa, na nimepangiwa meza ya mbele pamoja na familia. Nataka kuwepo, tena kwa moyo wote, maana mdogo wangu huyu ndiye mtu wa kwanza nyumbani kunielewa.

Wengi hudhani nina aibu au naogopa watu. Sivyo. Masikio yangu hayachuji. Mtu akinisemesha ukumbini, namsikia yeye, nasikia vijiko vikigonga sahani, feni, mtoto anayelia meza ya tatu na wawili wanaoteta nyuma yangu, vyote kwa uzito uleule. Ili nimwelewe inabidi nitazame midomo yake. Naye akiona simwangalii machoni, anaona nimemdharau.

Hotuba nazimudu, kwa sababu zina mpangilio. Kinachonimaliza ni pale mshereheshaji anapotangaza kwamba sasa watu wachanganyike. Watu wanne wakiongea wana zamu zao, wanajua nani aingie saa ngapi, na hakuna aliyewafundisha. Mimi nikishapata la kusema, mada imeshahama. Basi natabasamu, naitikia kwa kichwa, nahesabu moyoni nimtazame mtu kwa muda gani kabla ya kugeuza macho. Watu huniambia "mbona uko sawa tu". Hawaoni kesho yake, ninapolala chumba kimefungwa mapazia na kujibu simu hata ya mama siwezi. Ndugu wanasema naringa, na hilo linaniuma kuliko kelele zenyewe.

Mnaoishi na hali hii, mnafanyaje? Naomba msiniambie nijichanganye nitazoea. Nimejichanganya maisha yangu yote.

Fundi_Saa:

Dada, pole, na hongera kwa kupata wifi. Nami nina hali hiyohiyo, na umri umeshasogea.

Mimi siendi sherehe bila kazi. Naomba kabisa nipewe: kupokea zawadi, kuandikisha wageni, kupanga viti. Ukiwa na kazi, watu wanakujia mmoja mmoja, kila mmoja na swali moja, na jibu unalo. Hakuna anayekuuliza kwa nini umesimama peke yako.

La pili, fika mapema, ukumbi ukiwa bado mtupu. Ujue mlango uko wapi, spika ziko upande gani, na wapi pana kimya: korido, nyuma ya jengo, hata ndani ya gari. Kisha usisubiri uzidiwe ndipo utoke. Toka ukiwa bado mzima, pumua kidogo, rudi. Ukishazidiwa, mapumziko mafupi hayasaidii tena.

Nunua pia vile vizibo vya masikio vinavyopunguza sauti bila kuiziba. Mazungumzo utayasikia, makali ya muziki yatapungua. Ukiwa na nywele ndefu hakuna atakayeviona, na akiviona pia si kitu.

Msomaji_Usiku:

Niongeze mambo mawili ambayo yalinisaidia mimi.

Kwanza, ukienda kuomba nafuu yoyote kazini au hospitali, tumia neno usonji badala ya Asperger. Hans Asperger aliandika kuhusu watoto wa aina hii huko Vienna mwaka 1944, na Lorna Wing wa Uingereza ndiye aliyelitangaza jina la Asperger mwaka 1981. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani ulilifuta mwaka 2013, na orodha ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika 2022 nayo imeiweka hali hiyo ndani ya usonji. Wengine wetu tumeliacha kwa sababu nyingine: mwaka 2018 mwanahistoria Herwig Czech alionyesha kwa nyaraka kwamba Asperger alipeleka watoto Am Spiegelgrund, kituo ambako watoto wenye ulemavu waliuawa wakati wa utawala wa Wanazi. Bado wapo wanaolitumia kwa sababu ndilo walilopewa, na sioni haki ya kumnyang'anya mtu.

Pili, hili la kuringa. Damian Milton, mtafiti ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana huku kuna pande mbili: sisi tunashindwa kuwasoma wao, nao wanashindwa kutusoma sisi. Baadaye, mwaka 2020, Catherine Crompton na wenzake walichapisha jaribio la kupitisha habari kutoka mtu hadi mtu. Wenye usonji watupu walifikishiana habari sawasawa na wasio nao. Habari ilipotea zaidi pale walipochanganywa. Kwa hiyo dada, mzigo wa kueleweka usiubebe peke yako.

Mke_wa_Mkimya:

Mume wangu ndiye mwenye hali hii. Kwa Fundi_Saa nina neno moja: kazi ni nzuri ikiwa ina mwisho. Mume wangu alikubali kupiga picha kwenye sherehe ya ukoo, akavutwa huku na huku usiku kucha, kila kundi linamtaka. Kupokea wageni kunaisha milango ikifungwa. Chagua kazi ya namna hiyo.

Sisi tuna ishara. Akivua saa na kuitia mfukoni, najua muda umekwisha, nainuka mimi na kuaga kwa niaba yetu sote. Hatuzunguki meza kwa meza. Tafuta mtu mmoja wa kukufanyia hivyo, awe binamu au rafiki.

Na ongea na mdogo wako sasa hivi, kabla hajazama kwenye maandalizi. Usimweleze usonji wote. Mwambie unachohitaji: kiti cha mwisho wa meza, mbali na spika, na kwamba utaondoka baada ya hotuba.

Kiti_cha_Pembeni:

Nimewasoma wote, zaidi ya mara moja. Nimempigia mdogo wangu jana. Amehamisha kiti changu, na nitaandikisha wageni mlangoni hadi maharusi waingie. Amesema yeye mwenyewe ataongea na mashangazi.

Limebaki moja: picha ya familia. Mwanga wa kamera, kubanwa mabega pande zote, na kusimama hivyohivyo huku watu wakitafutwa.

Mke_wa_Mkimya:

Mpigapicha aambiwe mapema. Wote wapangwe kwanza, wewe uitwe wa mwisho, usimame ukingoni kabisa, karibu na mtu ambaye mkono wake haukusumbui. Sisi hufanya hivyo, na kwenye picha zote mume wangu yuko pembeni kushoto.