Vitabu viwili, jitu moja la Tendaguru: tuamini kipi?

Baba Neema:
Ndugu zangu, salaam. Binti yangu wa miaka 10 amewapenda mno dinosauri, nami nimemnunulia vitabu viwili vya mtumba ambavyo tunavisoma pamoja kila jioni. Juzi tulikwama. Kitabu kimoja kinamwita Brachiosaurus yule mnyama wa shingo ndefu aliyefukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, na mkia wake unaburuzika chini. Kingine kinaonyesha mifupa hiyohiyo, mkia ukiwa juu, na kinamwita Giraffatitan. Binti aliniuliza ni kipi kinachosema uongo, nikakosa jibu. Je, kitabu cha zamani cha sayansi kinafaa kusomwa?

Msomaji wa Usiku:
Ndugu, hakuna kinachosema uongo. Tazameni kwanza mwaka wa kuchapishwa. Mwaka 1914 Werner Janensch, mtaalamu wa visukuku kutoka Ujerumani, alimweka mnyama huyo katika jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Brachiosaurus, ambayo ilikwisha kujulikana kutokana na mifupa ya Marekani, lakini mwaka 2009 mtaalamu mwingine wa visukuku, Michael Taylor, aliilinganisha mifupa ya pande zote mbili, mmoja baada ya mwingine, akaona tofauti ni nyingi mno kwa wanyama hao kubaki katika jenasi moja. Mkia nao una sababu yake: nyayo za dinosauri zilizohifadhiwa katika miamba ni nadra sana kuandamana na mfuo wa mkia. Kwa hiyo kiunzi cha mifupa ya mnyama huyo, kilichosimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, Ujerumani, mwaka 1937 kilifumuliwa na kuungwa upya, na tangu 2007 mkia wake hauigusi sakafu. Msomeeni mtoto vitabu vyote viwili, mkivilinganisha ukurasa kwa ukurasa.

Mwalimu wa Kusini:
Naunga mkono, ila mimi nina kipimo kingine. Nikishika kitabu cha dinosauri, hufungua faharasa na kutafuta Tendaguru, kisha hutazama kama waliochimba wametajwa. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya vibarua walichimba pale, na wapagazi wakabeba mifupa kwa miguu, safari ya siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zilipelekwa Ujerumani. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, alikuwa fundi hodari wa kuifukua na kuiandaa mifupa hiyo, na inaniuma kila nikikuta kitabu kinachowasifu Wajerumani peke yao. Mwonyeshe binti pia Asilisaurus kongwe, jamaa wa karibu wa dinosauri kutoka bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania, aliyetangazwa mwaka 2010: jina lake atalielewa bila kamusi.

Baba Neema:
Ahsanteni sana. Tumetazama: kimoja ni cha 1978, kingine cha 2012. Binti ameandika kwa penseli, pembeni mwa picha ya zamani, jina jipya na mwaka 2009. Boheti hatumwoni katika faharasa ya chochote kati ya hivyo viwili, kwa hiyo naye amemwandika, kwenye ukurasa mtupu wa mwisho.