Tupeane uzoefu: Likizo ya visiwa vya Karibiani ukitokea kwetu, mlipangaje?

Kahawa Chungu (mleta uzi), Dar

Wakuu, habari za jioni. Mimi na mama watoto tunatimiza miaka 10 ya ndoa, na tangu uchumba nilimwahidi Barbados. Msiniulize kwa nini Barbados. Kulikuwa na kalenda ukutani ofisini kwake, ukurasa wa Agosti una picha ya ufukwe, akaikata akaibandika chumbani. Ahadi ni deni.

Nianze na aibu yangu ili na nyie msione haya. Mwaka juzi tiketi nilishakata. Nilisoma kwamba Mtanzania haombi viza kuingia Barbados, wote tuko Jumuiya ya Madola, nikaona kazi imekwisha. Nikapata tiketi mbili za bei ya kutupa: moja Dar hadi uwanja wa Heathrow, London, nyingine kutoka Gatwick, uwanja mwingine wa London, hadi Bridgetown, mji mkuu wa Barbados. Siku ya siku tuko uwanjani, mabegi yako kwenye mizani, dada wa kaunta ananiuliza viza ya Uingereza iko wapi. Nikamjibu kwa kujiamini kabisa kwamba Uingereza siendi, napita tu. Akaniangalia kama daktari mwenye majibu mabaya.

Kumbe kutoka Heathrow kwenda Gatwick unapita uhamiaji, unabeba mabegi yako, unapanda basi la barabarani kama mtu mwingine yeyote aliyeingia nchini. Na hata ungebaki ndani ya uwanja mmoja, pashipoti yetu inadaiwa viza ya kupita pale, labda uwe na viza hai ya Marekani au ya nchi nyingine chache wanazozikubali. Tukarudi Tabata na mabegi yetu. Hela ya tiketi haikurudi hata shilingi. Mama watoto hakusema neno njia nzima, na bora angesema.

Safari hii sitaki kubahatisha. Mliofika, na mlioishia njiani kama mimi, mwageni yaliyowakuta.

Chapati Mbili

Mkuu, kwani Nungwi imekukosea nini? Unapanda boti asubuhi, mchana unakula pweza. Mchanga mweupe upo, maji ya kijani yapo, viza hakuna, na chenji inabaki.

Kahawa Chungu

Mkuu, mama watoto kwao Mkokotoni. Nungwi kwake si likizo, ni kwenda kusalimia mashangazi.

Chapati Mbili

Basi nimenyamaza 😂

Sista wa Zamu ya Usiku, Birmingham

Hapo kwa London pole sana. Mimi ni Mkenya, ni nesi huku, kwa hivyo ndege nilipanda moja tu, kama saa tisa hivi hewani. Shida yangu ilikuwa kalenda.

Nilienda Juni 2024 na wenzangu wawili wa wodi. Tulichagua wiki ya mwisho ya mwezi kwa sababu ndiyo likizo tuliyopewa. Kufika tukashangaa vyumba ni bei gani hizi, na kila mtu mtaani amevaa jezi. Kumbe fainali ya Kombe la Dunia la kriketi la T20 inachezwa hapo Bridgetown tarehe 29, India na Afrika Kusini. Wakenya sisi, tangu timu yetu ifike nusu fainali 2003 nani amefuatilia kriketi tena? Tulilipa karibu mara mbili kwa sababu hatukuangalia kuna nini kisiwani.

Na hiyo haikuwa shida kubwa. Jumapili tarehe 30 mwenye nyumba anatuambia tujaze maji kwa ndoo, tuchaji simu, tusitoke. Kimbunga Beryl kinakuja. Usiku huo upepo ulilia mimi nikakumbuka kila dhambi. Asubuhi ya tarehe 1 Julai kikapita kusini mwa kisiwa, kikaenda kuangukia Carriacou kule Grenada, na huko ndiko kiliharibu karibu kila nyumba. Barbados paa nyingi zilibaki, lakini bahari iliingia bandari ya wavuvi ikagonganisha boti zao kama vikombe kwa beseni. Niliwaona wazee wamesimama wanaangalia tu. Hata mabingwa wapya wa dunia walikwama hotelini siku kadhaa wakingoja ndege. Sisi tuliondoka tumechelewa siku mbili, na matroni hakuamini hadithi yetu mpaka alipoona habari.

Kahawa Chungu, msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele ni Agosti mpaka Oktoba. Hiyo kalenda ya mama watoto ilikuwa inampeleka Agosti! Desemba hadi katikati ya Aprili ndiyo kukavu na ndiyo ghali. Na ukikata bima ya safari, ikate siku ileile unayolipa tiketi. Mwenzangu mmoja aliamka kununua bima wakati kimbunga kimeshapewa jina, wakamwambia hiyo hasara sasa inajulikana, hailipwi.

Chakula usiogope. Cou-cou ni ugali wa mahindi umesongwa na bamia ndani, juu yake samaki mwenye mabawa, wale wanaoruka. Nilikula nikifunga macho nikajiona niko kwetu Kisumu.

Bint Jambiani

Assalam alaykum. Shoga yangu wa Birmingham umenichekesha na ugali wa bamia.

Mimi nimeolewa Uingereza, mwaka jana mume wangu akanipeleka kisiwa hichohicho mwezi wa Mei. Akachagua hoteli upande wa mashariki kwa kuwa ni rahisi na picha ni nzuri. Tumefika, nanusa harufu ya mayai viza. Natoka nje, ufukwe mzima umefunikwa mwani. Sio mwani wetu, wallahi. Sie kwetu mama zetu wanafunga mbegu kwenye kamba, wanautunza, wanauanika, wanausubiria bei. Ule wao unakuja wenyewe, wa rangi ya kahawia, unaelea juu juu kutoka Atlantiki, na kuanzia 2011 ndio umekuwa balaa. Ukifika nchi kavu unaoza, unatoa hewa inayouma macho na kugeuza vyuma vyeusi. Wanauzoa kwa matrekta!

Nilisimama pale nikamwambia mume wangu, bibi yangu angeuona huu angeomba kamba. Akacheka, lakini likizo ilikuwa imeharibika. Siku ya tatu tukahamia magharibi, upande wa bahari tulivu, huko maji yako kama kioo, kasa wanakuja mpaka miguuni.

Kwa hiyo kaka, mwani unazidi kuanzia kama Machi mpaka Agosti, na mashariki ndiko unakoangukia. Kuna chuo kikuu cha Florida Kusini hutoa ramani ya setilaiti kila mwezi kuonesha ulipo. Itazame kabla hujalipa. Na mashariki hata usipokuwepo mwani usiingie kuogelea, kule Bathsheba mawimbi ni ya wacheza ubao, mkondo unakuchukua.

Mtu wa Goma, Lyon

Jambo kwa wote. Siye wa Ufaransa njia yetu ni nyingine: Martinique, kisiwa cha Ufaransa hukohuko Karibiani. Ndege inatoka uwanja wa Orly, Paris, pesa ni euro, lugha ni Kifaransa, mtu anajiona hajatoka.

Lakini kuna mtego. Shemeji yangu alikuja kututembelea na viza ya Schengen, ile moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya, tukasema twende naye. Uwanjani wakamrudisha. Martinique ni Ufaransa lakini haiko ndani ya Schengen, viza lazima iwe imeandikwa kwamba inafaa pia kwa maeneo ya Ufaransa ya ng'ambo. Tulimwachia funguo za nyumba na friji imejaa, tukaenda na huzuni.

Mimi fukwe haziniiti sana. Nilitaka kuona Saint-Pierre. Mji huo uliitwa Paris ndogo ya Karibiani, na tarehe 8 Mei 1902 mlima wa volkano Pelée uliumaliza kwa dakika chache, watu karibu 28,000. Mtu wa Goma akisikia hivyo anakaa chini. Mimi 2002 nilikimbia Nyiragongo, volkano ya kwetu, na godoro kichwani, tukavuka hadi Gisenyi, na nyuma yetu lava inatembea polepole kama mtu anayejua utamngojea. 2021 ndugu zangu wakakimbia tena. Lava ya kwetu inakupa muda wa kukimbia. Kule ilishuka wingu la moto na majivu, hakuna aliyewahi hata kufunga mlango.

Mpaka leo magofu ya ukumbi wa michezo yako palepale, na pembeni yake chumba kidogo cha jela cha mawe mazito. Mfungwa mmoja, Cyparis, alipona humo kwa sababu kuta zilikuwa nene na dirisha dogo. Niliingia, nikagusa ukuta. Watoto wakaniuliza baba mbona hutoki.

Mchanga wa kaskazini ni mweusi, wa volkano. Kama unataka ule mweupe wa kalenda nenda kusini, Les Salines.

Fundi Rangi, Toronto

Mimi fupi tu.

Moja, usibebe nguo yoyote ya mabakamabaka ya kijeshi, hata kaptura ya mtoto. Barbados, Jamaika, Saint Lucia na kwingine ni kosa kisheria kwa raia kuvaa. Mwanangu alivuliwa kofia yake siku ya kwanza, akalia mpaka usingizi.

Mbili, kuna mti pwani unaitwa manchineel. Matunda yake madogo ya kijani, yananukia vizuri, ukionja koo linawaka moto. Utomvu mweupe kama wa mnyaa, na mvua ikinyesha usijikinge chini yake, matone yanababua ngozi. Mara nyingi shina huzungushiwa rangi nyekundu. Nimepaka rangi maisha yangu yote, sijawahi kuona mstari mwekundu wenye kazi kubwa kama ule.

Njia Panda, Arusha

Kahawa Chungu, mimi nilitoka hapahapa nyumbani na pashipoti hiihii yetu, nikafika. Nilipitia Nairobi, kisha Amsterdam, kisha Bridgetown. Tiketi MOJA, mabegi yanaandikwa mpaka mwisho, Amsterdam sikutoka nje ya eneo la wasafiri, viza ya kupita sikuombwa. Ndege hiyo ya Amsterdam ni ya miezi ya baridi ya Ulaya, ambayo ndiyo miezi mikavu ya huko, kwa hiyo mambo mawili yanakutana. Kabla ya kulipa waandikie kampuni ya ndege wakujibu kwa maandishi, kanuni hugeuka.

Kadi ya homa ya manjano niliombwa, kwa sababu nilitokea Kenya. Chanjo iwe na siku 10 au zaidi. Kama unayo ya zamani imeandikwa mwisho miaka 10 usichomwe tena, tangu 2016 inahesabika ya maisha.

Pesa: dola mbili zao ni dola moja ya Marekani, haibadiliki. Fukwe zote ni za umma kisheria, hivyo usijikamue kulala hoteli za magharibi. Mimi nililala nyumba ya kupanga kusini, Christ Church, yenye jiko, naamka napanda basi la serikali, dola 3.50 zao popote uendapo. Au ZR, vile vipanya vyeupe vyenye mstari wa rangi ya damu ya mzee. Muziki mpaka mbavu zinatetemeka, konda ananing'inia, utajiona uko Kwa Mrombo. Ijumaa usiku nenda Oistins ukale samaki wa kuchoma.

Na siku moja mpeleke shemeji kwenye sanamu ya Bussa, yule mtumwa aliyeongoza uasi wa 1816. Amesimama kwenye mzunguko wa barabara, minyororo imekatika mikononi. Mimi nilishuka kwenye ZR kwa ajili yake, konda akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia Tanzania akakataa nauli.

Kahawa Chungu

Wakuu, nimesoma yote na kalamu mkononi. Agosti imekufa. Tunalenga Februari, tiketi moja, kusini kwenye jiko, bima siku ileile. Kaptura yangu ya mabakamabaka nimempa shamba boi.

Nimemsomea mama watoto ile ya mwani. Amesema kumbe angeweza kubeba kamba.