Ziwa na kijito katika mwanga mgumu: anga linaungua, maji yanakuwa maziwa

Mlinda Alfajiri
Ndugu wapigapicha, nawasalimu. Kwa muda sasa nimekuwa nikiwahi ziwani kabla ya jua kuchomoza, kisha mchana nafuata kijito kinachopita msituni. Ziwani, nikipima mwanga kwa maji, anga linabaki jeupe tupu. Nikipima kwa anga, ukingo wote unageuka mweusi. Kijitoni, maji yanatoka kama maziwa na mawe yenye unyevu yanajaa madoa meupe. Stendi ninayo, na filta ya polaraiza huizungusha mpaka mng'ao wote uishe. Kosa langu liko wapi? Na siku za mvua na ukungu, nibaki nyumbani?

Kivuli cha Mlima
Ndugu, tuanze na ziwa. Maji hayarudishi mwanga wote yanaoupokea, kwa hiyo taswira ya anga ndani ya ziwa huwa na giza kuliko anga lenyewe, na giza hilo huongezeka kadiri unavyotazama karibu na miguu yako, ambako ndiko unakoweza hata kuona mawe ya chini. Wengi hutumia filta yenye giza nusu ya juu ili kusawazisha, jambo ambalo ni zuri, ila wakizidisha, maji yanang'aa kuliko anga na mtazamaji anahisi uongo hata kama hawezi kuutaja. Mimi hupiga faili ghafi (RAW, picha ambayo kamera haijaichakata), nikipima kwa sehemu angavu ya mawingu, kwa sababu kivuli kinaweza kuinuliwa baadaye ilhali weupe ulioungua hauna cha kurudisha. Kuunganisha picha tatu za mwangaza tofauti kunafaa maji yakiwa yametulia. Upepo ukipita, mawimbi ya picha moja hayalingani na ya nyingine.

Ukungu usiuogope. Kumbuka tu kwamba kipimamwanga cha kamera hudhani kila kitu ni kijivu cha wastani, kwa hiyo ongeza stopu moja hivi (yaani mwanga maradufu), la sivyo ukungu mweupe utatoka kama moshi.

Mfuata Maji
Naongezea upande wa kijito, ambako nadhani polaraiza inatumiwa vibaya. Filta hiyo hula kati ya stopu moja na nusu na mbili, hivyo yenyewe tayari inapunguza kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kuingiza mwanga). Anza na robo sekunde, panda hadi sekunde moja, na ulinganishe: katika masafa hayo nyuzi za maji bado zinaonekana, ilhali sekunde 30 ndizo zinazokupa hayo maziwa. Nguvu ya polaraiza juu ya maji ni kubwa zaidi unapoyatazama kwa mteremko wa takriban nyuzi 37 kutoka usawa wa maji. Izungushe hadi rangi ya kuvu na majani mabichi itokee, kisha irudishe kidogo, kwani maji yasiyo na mng'ao wowote huonekana yamekufa. Ziwani, ukiizungusha hadi mwisho unaweza kuifuta taswira ileile uliyoamkia.

Mawingu mazito, kwa kijito, ni bahati. Liache anga nje ya fremu kabisa.

Kitambaa Kikavu
Kuhusu mvua: elekeza lenzi chini unaposubiri, na uikague kabla ya kila picha, maana tone moja huharibu zote bila wewe kujua. Miguu ya stendi ikisimama ndani ya mkondo hutetemeka. Ikandamize mchangani na uiweke kamera ichelewe sekunde mbili baada ya kubonyeza. Ukitoka kwenye baridi kuingia ndani penye joto, iache kamera kwenye mfuko uliofungwa mpaka ipate joto, la sivyo kioo kitajaa umande.

Mlinda Alfajiri
Ahsanteni. Nimezipitia tena picha zangu za ziwa, na kweli katika nyingi nimefuta taswira ya mlima kwa filta. Kesho naiacha mkobani hadi nifike kijitoni.