Mrejesho: Nimefika Murara

Ndugu zangu, niliwauliza kama nitautambua Murara, mtaa wangu wa Goma uliopitiwa na lava ya volkano ya Nyiragongo Januari 2002. Nimefika. Asanteni mlionishauri nianze kwa wazee: mama mmoja, jirani yetu wa zamani, alinishika mkono hadi kwenye kiwanja chetu. Nyumba tuliyozaliwa imefunikwa. Juu yake kuna nyumba ya mbao, msingi wake ni mawe yaleyale meusi. Nimeyagusa, yana matundu na makali ya kuchana kiatu. Mparachichi wa baba haupo, na hilo linaniuma kweli. Lakini chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, bado zinapita na magunia ya makaa, na majirani wamenipokea kama mtoto wao! Yule mama jirani ameomba picha za baba. Namtumia wiki hii.