Wauza spea acheni: mita ya pikipiki "kuingiana" si kusoma sawa

Wakuu,

Huu uzi ni wa hasira, sitazunguka. Mtu kioo cha mita ya pikipiki kimepasuka, anauziwa mita mpya dukani, inafungwa, mshale unapanda, anaondoka. Baada ya muda pikipiki inaonekana inakula mafuta, injini inaanza kelele wakati kwa hesabu ya mita oili bado haijafikisha kilomita zake, na trafiki anampiga tochi 63 ilhali mshale ulikuwa unasoma 45. Akirudi dukani jibu ni lilelile: "Mita zote zinadanganya kidogo, bosi."

Jibu hilo linaniudhi kuliko mita yenyewe, maana linachanganya mambo mawili makusudi. Spidomita kusoma juu kidogo kunaruhusiwa. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inasema mwendo unaoonyeshwa usiwe chini ya mwendo halisi hata mara moja, na kwa magari usizidi mwendo halisi kwa zaidi ya asilimia 10 kuongeza 4 km/h. Yaani gari likiwa 80 kamili, mshale unaweza kufika mpaka 92 na bado uko ndani ya kanuni. Pikipiki nazo zina nafasi yao. Lakini nafasi hiyo ni ya kusoma JUU. Mita inayosoma 45 ukiwa 63 haina kanuni yoyote ya kujificha nyuma yake. Na kihesabu cha kilomita, yaani odomita, hakina ruhusa hiyo ya mshale, kwa sababu hakifanyi kazi kama mshale.

Fungua mita ya waya uone, yaani ile inayoendeshwa na waya unaozungushwa na gurudumu la mbele. Waya unazungusha sumaku. Sumaku haigusi kitu, inavuta tu kikombe cha alumini kilichozuiwa na springi nyembamba, na kikombe ndicho kimebeba mshale. Sumaku ikipungua nguvu au springi ikilegea, mshale unahama. Hapo kukosea kidogo naelewa. Namba za kilomita zinasukumwa na gia za meno kutoka kwenye mhimili uleule. Waya ukizunguka idadi yake, namba lazima isogee, hakuna cha sumaku wala springi.

Ndiyo maana fundi anayejua kazi anaanza na swali moja: vyote viwili vinakosea, au kimoja? Mshale na kilomita vikikosea kwa kiwango kimoja, tatizo liko nje ya mita: tairi, gia ya kwenye habu (kitovu cha gurudumu la mbele, waya unakoanzia), au umeuziwa mita ya uwiano mwingine. Kilomita zikiwa sawa na mshale ndio unadanganya, tatizo liko ndani ya mita. Mshale ukirukaruka na kilomita zikawa zinapotea, angalia waya na meno ya plastiki ya habu. Fundi asiyeuliza hivyo anabahatisha kwa hela yako.

Sasa kwenye uwiano, ambako ndiko tunakoibiwa. Kila mita ya waya imetengenezwa kwa idadi maalumu ya mizunguko ya waya kwa kilomita moja. Mita nyingi za mtindo wa Kijapani ni 1400, maana yake waya ukizunguka mara 1400 kwa dakika mshale usimame kwenye 60. Zipo nyingine za 1000. Namba hiyo mara nyingi imechapwa kwenye uso wa mita au nyuma yake, kwa maandishi madogo. Nati ya waya ni ileile, tundu la mraba ni lilelile, boliti mbili za kufungia ni zilezile. Kwa hiyo muuzaji anajaribisha, inakaa, anasema "inaingiana", anachukua hela. Ukifunga mita ya 1400 kwenye habu inayotoa mizunguko 1000, utasoma asilimia 71 tu ya ukweli. Ukimwaga oili kila 2,000, umeshatembea 2,800. Kufanya hivyo mwaka mzima ni kuua injini taratibu huku mwenyewe ukiamini unaitunza. Ukigeuza, mita ya 1000 kwenye habu ya 1400, kila kilomita 10 zinaandikwa 14, na anayekuuzia vipuri vya matengenezo anafurahi.

Kupima ni nusu saa, kunahitaji chaki, futi ya utepe na kipande cha selotepu.

Jaza upepo wa kawaida kwenye tairi la mbele. Piga alama ya chaki ubavuni mwa tairi na nyingine chini sakafuni pale tairi linapogusa. Mtu akae juu ya pikipiki, msukume polepole kwa mstari ulionyooka mpaka tairi lizunguke mara tano, pima umbali, gawa kwa tano. Usipime tairi likiwa hewani, kwa sababu likibebeshwa uzito linapungua kidogo. Ukihesabu kwa namba za ubavuni tu (upana wa tairi na kipenyo cha rimu, kwa inchi), bila uzito, 2.75-17 inatoa kama mita 1.80, 3.00-17 ni 1.84, 2.75-18 ni 1.88 na 3.00-18 ni 1.92. Kipimo chako cha sakafuni kitakuwa chini ya hapo kidogo.

Kisha fungua nati ya waya juu, kwenye mita. Vuta ncha ya waya wa ndani itokeze, bandika selotepu iwe kama kibendera. Inua gurudumu la mbele, lizungushe mara 10 kwa mkono ukihesabu kibendera. Kwa mfumo wa 1400 na tairi la 2.75-17 upate kama mizunguko 25. Kwa 2.75-18, kama 26. Ukipata 18 au 19, habu yako ni ya mfumo wa 1000, na mita ya 1400 haikuhusu hata kama inakaa vizuri namna gani. Hesabu yenyewe ni hii: mzingo wa tairi kwa mita, zidisha kwa namba ya mita, gawa kwa 1,000. Hiyo ndiyo mizunguko ya waya kwa mzunguko mmoja wa gurudumu.

Barabarani, tumia vibao vya kilomita kwenye barabara kuu. Pita vibao vitakavyokupa kilomita 10, linganisha na odomita. GPS ya simu ni nzuri kwa mwendo kwenye barabara iliyonyooka na wazi, ukishikilia 50 kwa nusu dakika. Abiria ndiye asome simu, si wewe. Kwa umbali wenye kona nyingi na miti, usiitegemee sana.

Tairi nalo lina lake, ila tusilisingizie kila kitu. Tairi la mbele likiisha milimita 5 za kashata (meno ya tairi) kwenye rimu ya 18, kipenyo kinapungua milimita 10, mita inasoma juu kwa asilimia kama 1.7. Ukitoa rimu ya 18 ukaweka ya 17 kwa upana uleule wa 2.75, inasoma juu kwa asilimia kama 4.4. Hiyo ndiyo saizi ya makosa ya tairi: mbili, tatu, nne. Mtu akikuambia tofauti ya asilimia 20 ni tairi, ondoka hapo dukani.

Mafundi wa pancha, na nyinyi mnahusika. Ndani ya habu ya mbele kuna kisahani chenye masikio mawili, yanatakiwa kuingia kwenye nafasi zake kwenye gurudumu. Gurudumu linarudishwa haraka, masikio hayajakaa, ekseli inakazwa kwa spana, masikio yanakunjika au kukatika. Mita inakufa palepale, au inashika na kuachia. Kosa la pili ni nyumba ya gia ya habu: ina kinundu ambacho lazima kikae kwenye kizuizi cha shoku ya mbele. Kisipokaa, nyumba nzima inazunguka na gurudumu na kusokota waya mpaka unakatika. Kabla ya kukaza nati, zungusha gurudumu kwa mkono na uangalie ncha ya waya juu inazunguka. Sekunde kumi tu, na hamfanyi!

Grisi nayo. Waya mkavu unafanya mshale ucheze, hasa mwendo mdogo, kwa hiyo watu wanaujaza grisi kuanzia chini mpaka juu. Kosa. Paka grisi nyepesi theluthi mbili za chini tu, na uache angalau sentimita 15 za juu bila kitu. Waya unapozunguka unaipandisha grisi wenyewe mpaka ndani ya mita, inajaa kati ya sumaku na kikombe, na mshale unabebwa kwenda mwisho ukiwa unatembea mwendo wa baiskeli. Hapo odomita itaendelea kuhesabu sawasawa, na hiyo ndiyo dalili. Watu wanauziwa mita mpya wakati ya zamani ilihitaji kufunguliwa na kusafishwa.

Za kidijitali watu wanadhani ndiyo suluhisho. Mita nyingi za kidijitali za kubandika zina menyu ya mzingo wa tairi kwa milimita na idadi ya sumaku kwenye gurudumu. Zinafungwa na namba za kiwandani, hakuna anayezigusa, karatasi ya maelekezo inatupwa na boksi. Kama sensa inasoma kwenye gurudumu, weka mzingo uliopima sakafuni. Kama sensa inasoma gia ya kutolea nguvu kwenye gea boksi, basi ukibadilisha sproketi ya mbele kutoka meno 14 kwenda 15 mita itasoma CHINI kwa karibu asilimia 7, na hilo ndilo kosa la hatari. Mita za waya wa gurudumu la mbele haziguswi na sproketi hata kidogo, mwenye kudai hivyo hajui anachosema.

Tukija kwa wauza mtumba ndiyo balaa. Kuchomoa waya chini kunachukua dakika moja, na kilomita zinalala. Za kidijitali zinaandikwa upya kwenye chipu. Boda inayotembea kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, inamaliza 30,000. Odomita ya tarakimu tano inarudi sifuri kabla ya miaka mitatu na nusu. Kwa hiyo "ina kilomita 8,000 tu" haina maana yoyote peke yake. Angalia raba za kukanyagia na pedeli ya breki: zikiwa zimelainika mpaka michoro imefutika, hiyo si 8,000. Angalia meno ya sproketi ya nyuma kama yamechongoka na kulala upande mmoja. Angalia nati ya waya kule chini kwenye habu: nati yenye kung'aa na alama mpya za koleo kwenye habu yenye vumbi la miaka inasema yenyewe.

Pampu ya mafuta inakaguliwa na Wakala wa Vipimo, kwa sababu mtu anapunjwa lita. Kilomita nazo ni pesa: ni oili, ni gharantii, ni bei ya kuuza, ni faini ya tochi kwenye kibao cha 50. Kinachotakiwa si kikubwa. Namba ya uwiano iandikwe kwenye boksi la mita na kwenye boksi la gia ya habu, pamoja na saizi ya tairi. Muuzaji aulize namba hiyo kabla ya kutoa mzigo, na mita isiyolingana ipokelewe na kubadilishwa bila ugomvi.

Kuanzia sasa, mwenye pikipiki aweke hapa chini vitu vitatu: saizi ya tairi la mbele, namba iliyochapwa kwenye mita, na mizunguko ya waya kwa mizunguko 10 ya gurudumu. Taja modeli na mwaka, ili anayeenda kununua mita kesho aende dukani na namba mkononi.